Kibarua, Kipande na Daftari: Historia ya Kuhesabu Siku za Kazi

Kiswahili kina maneno matatu yaliyoanza kuwa majina ya vitu vya karani, kisha yakashikamana na watu wenyewe. La kwanza ni kibarua. Asili yake ni barua, na hapo kale kibarua kilikuwa kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kiwe shahidi wake wakati wa kudai ujira. Jina likatoka katika karatasi likamwingia aliyeichukua. Leo kibarua ni mtu, na pia ni kazi yenyewe, wala wanaolitumia neno hilo hawaikumbuki karatasi. La pili ni kipande, yaani kadi ya kazi ambayo katika mashamba ya Tanganyika ilitiwa alama kwa kila siku iliyofanywa, na ambayo Kenya ilikuwa cheti cha kumtambulisha mtu na waajiri wake. La tatu ni manamba, jina la watu walioandikwa kwenda kufanya kazi ya mkataba mashambani, hasa mashamba ya mkonge. Walipewa namba, na namba hizo zikawa jina lao.

Maneno haya matatu yanasimulia jambo moja. Mtu anapofanya kazi kwa ujira, siku yake hupita katika hali mbili: kwanza huishi katika mikono na jasho lake, kisha huhamishwa ikaandikwa mahali pengine, katika jiwe, kadi, daftari, au jedwali la kompyuta. Malipo hayatoki katika hali ya kwanza. Hutoka katika hali ya pili. Siku iliyofanywa isipoandikwa haina bei, na siku iliyoandikwa vibaya ina bei ya uongo. Kwa hiyo historia ya ujira ni pia historia ya uhamisho huo: ni nani aliyeushika, alichukua nini, na nini kilimdondoka njiani.

Mfano mmoja wa kale sana watoka katika nchi ya mito miwili, ambayo leo ni Iraki. Katika zama za Nasaba ya Tatu ya Ur, takriban miaka 2100 kabla ya Kristo, palikuwa na mji ulioitwa Umma, jina ambalo halina uhusiano na neno la Kiswahili linalofanana nalo. Makarani wa mji huo waliandika juu ya vibao vya udongo mbichi hesabu za vikosi vya kazi: wanawake wasagaji wa nafaka, wanaume wa mashambani, wachimbaji wa mifereji. Kila kikosi kilikuwa na msimamizi wake, na msimamizi huyo aliandikiwa hesabu kama mtu mwenye deni. Upande mmoja ziliwekwa siku zote za kazi alizokabidhiwa: idadi ya watu wake ikizidishwa kwa siku, pamoja na upungufu uliobaki wa mwaka uliopita. Upande wa pili ziliwekwa kazi zilizothibitishwa kuwa zimefanywa, kila moja ikigeuzwa kuwa siku kwa kipimo kilichowekwa. Unga laini ulikuwa na kipimo chake, na unga wa kawaida chake.

Mambo mawili katika vibao hivyo yastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni ule ufundi wa kugeuza. Ikiwa watu 6 walifanya kazi siku 10, karani hakuandika hivyo. Aliandika watu 60 kwa siku moja. Kwa kalamu ya tete moja, watu 6 wenye majina, magonjwa na vizazi vyao wakawa kiasi kinachoweza kujumlishwa na kiasi kingine, kama shayiri inavyojumlishwa na shayiri. La pili ni upungufu. Mwisho wa mwaka pande mbili zililinganishwa, na mara nyingi kazi iliyothibitishwa ilikuwa pungufu kuliko siku zilizodaiwa. Tofauti hiyo haikusamehewa. Ilivushwa hadi mwaka uliofuata, na msimamizi alipofariki deni lake la siku lilifuata mali yake na watu wa nyumbani kwake. Wakati ukawa kitu kinachoweza kukopwa, kulimbikizwa na kurithiwa, hata kabla saa ya ukutani haijafikiriwa.

Makarani hao hao walihesabu kwa sitini, na kutokana na hesabu yao, kwa njia ya wanajimu wa Babeli na kisha wa Wayunani, dunia ikapata desturi ya kuigawa saa kwa dakika 60. Jambo hilo la sitini liwekwe akibani, maana litarudi kuwasumbua makarani wa zama hizi.

Takriban miaka 850 baadaye, kule Misri, katika kijiji cha mafundi waliochimba na kupamba makaburi ya wafalme karibu na Thebes, karani mwingine aliandika mahudhurio juu ya kipande cha jiwe la chokaa. Jiwe hilo limehifadhiwa katika British Museum, London. Ni la mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses wa Pili. Lina majina 40 ya mafundi, na mbele ya kila jina zimeandikwa siku ambazo fundi huyo hakufika kazini. Lakini karani wa Misri aliongeza kitu ambacho karani wa Umma hakukihitaji katika mizania yake: juu ya tarehe alizoandika kwa wino mweusi aliandika sababu kwa wino mwekundu. Huyu alikuwa mgonjwa. Huyu aliumwa na nge. Huyu aliumwa macho. Huyu alikuwa akitengeneza pombe. Huyu alikuwa akishughulikia maiti ya mama yake. Huyu alikuwa akifanya kazi ya mkubwa wake mahali pengine.

Tofauti kati ya kibao cha Umma na jiwe la Thebes si ya ufundi wa kuandika tu. Kibao kilitengenezwa ili kijumlishwe. Jiwe lilitengenezwa ili lisomwe. Anayesoma jiwe huona ya kuwa siku moja isiyofanyiwa kazi hailingani na nyingine: nge si pombe, na maziko ya mama si mojawapo. Anayesoma kibao huona upungufu, basi. Kumbukumbu zote za kazi zilizofuata zimesimama mahali fulani kati ya hizo mbili, na kwa kadiri kazi ilivyokuwa kubwa na watu wengi, ndivyo zilivyozidi kusogea upande wa kibao.

Saa ya mtambo ilipoenea Ulaya, jambo jipya liliongezeka. Zamani siku ilionekana na wote: jua lilipochomoza na lilipotua, bwana na mtumishi waliliona pamoja. Saa ya mtambo ilikuwa na mwenyewe. Ambrose Crowley, tajiri wa Uingereza aliyekuwa na viwanda vya chuma kaskazini mwa nchi hiyo na aliyefariki mwaka 1713, aliacha kitabu kikubwa cha sheria za kazi. Humo aliagiza kila mfanyakazi aandikiwe karatasi ya wakati, saa ya kuingia na saa ya kutoka, hata dakika, na utolewe katika hesabu wakati uliopotea katika vilabu vya pombe, katika kuvuta tumbaku, katika kusoma habari na katika ugomvi. Kisha akaagiza ya kwamba isihesabiwe saa nyingine yoyote ila saa ya msimamizi, na saa hiyo isiguswe na mtu isipokuwa mtunzaji wake. Agizo hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Palipo na saa mbili pana mabishano, na palipo na mabishano mfanyakazi ana neno la kusema. Crowley aliiondoa saa ya pili.

Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, kazi ya yule msimamizi ilikabidhiwa chombo. Mwaka 1888 sonara mmoja wa Auburn, katika jimbo la New York, jina lake Willard Bundy, alibuni saa iliyoandika yenyewe. Kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wenye namba yake. Alipoutia katika saa na kuuzungusha, namba na wakati vilipigwa chapa katika utepe wa karatasi. Mwaka 1894 Daniel Cooper wa Rochester alitengeneza saa iliyopiga chapa katika kadi, kila mfanyakazi na kadi yake. Wakati huo huo Herman Hollerith alikuwa amekwisha kubuni mashine za kuhesabu kwa kadi zilizotobolewa, zikatumika katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Kampuni za saa ziliungana mwaka 1900, na mwaka 1911 zikaunganishwa na kampuni ya Hollerith na ya mizani kuwa kampuni moja, ambayo tangu mwaka 1924 inaitwa IBM. Watu wengi wanaijua kampuni hiyo kwa kompyuta. Wachache wanakumbuka ya kuwa katika kuzaliwa kwake walikutana chini ya paa moja mpiga saa na mpiga jedwali. Mmoja aliijua siku ilipoanza na ilipokwisha, na mwingine aliijua namna ya kuijumlisha.

Katika Afrika ya Mashariki hakukuwa na haja ya saa ya Bundy shambani. Palikuwa na kipande. Mkonge uliingizwa Tanganyika mwaka 1893, chini ya utawala wa Wajerumani, na mashamba yake yalipopanuka yalitaka watu wengi kuliko waliokuwa tayari kuja. Mkataba uliozoeleka ulikuwa wa siku 30 za kazi. Hizi hazikuwa siku za mwezi. Zilikuwa siku zilizotimizwa, na mfanyakazi alipewa muda mrefu zaidi ya mwezi ili azitimize. Kadi ilikuwa na nafasi za siku hizo. Kila alipomaliza kazi aliyopimiwa, alama ilitiwa katika nafasi moja. Kadi ilipojaa, ndipo ujira ulipostahili.

Uzuri wa mpango huo, kwa upande wa mfanyakazi, ulikuwa kwamba mtu aliweza kupumzika siku moja, kwenda kuuguza, au kulima shamba lake mwenyewe, bila kuvunja mkataba. Ubaya wake ulikuwa katika neno kutimiza. Siku ya kipande haikupimwa kwa jua. Ilipimwa kwa kazi. Mkataji wa mkonge alihesabiwa mafungu ya majani, na mpaliliaji alipimiwa sehemu yake ya shamba. Mtu aliyefanya kazi kutwa akabakiza sehemu ndogo aliweza kurudi kambini bila alama, na siku ile, ingawa ilikuwa imekwisha kwake, katika kadi ilikuwa haijaanza. Aliyeamua kama kazi imetimia alikuwa mnyapara. Kalamu ilikuwa mkononi mwa upande mmoja, na asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kuisahihisha ila kumbukumbu ya kichwa chake, ambayo ofisini haikuwa na thamani.

Juu ya hayo, kadi ilikuwa hatua ya kwanza tu. Alama za kadi zilipaswa kuhamishwa na karani katika daftari la mahudhurio, na kutoka daftari hilo zihamishwe katika daftari la malipo, ambamo mlikuwa na safu nyingine za makato. Katika kila uhamisho mtu alizidi kupungua. Shambani alikuwa fulani bin fulani, wa kabila fulani, mkataji hodari. Katika kadi alikuwa jina na alama. Katika daftari alikuwa namba. Ofisi ya kuandikisha wafanyakazi wa mkonge, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ilianzishwa mwaka 1944, ikawasafirisha watu kutoka mikoa ya mbali kwa mikataba mirefu. Na kwa kuwa watu hao walitambuliwa kwa namba zao, wenyeji wakawaita manamba. Neno hilo lilitamkwa kwa dharau na kwa huruma pia. Waliolitunga walikuwa wameona wazi kile ambacho daftari lilikuwa limefanya.

Kenya kipande kilichukua umbo lingine. Sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kipande hicho kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kuacha kazi, na kiasi cha ujira. Nacho kilibebwa katika kikasha cha bati kilichotundikwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachia mfanyakazi, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine bila hatari ya kushtakiwa. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921, na kukamatwa kwake mwezi Machi mwaka 1922 kulisababisha umwagaji wa damu mjini Nairobi. Ni kweli kwamba kipande cha Kenya kilihusu mwendo wa mtu zaidi ya hesabu ya siku zake. Lakini msingi ulikuwa ule ule: maandishi juu ya kazi ya mtu yalikuwa shingoni mwake, na mamlaka ya kuyaandika yalikuwa mkononi mwa mwingine.

Wakati kalamu ya karani wa mkonge ilikuwa ikiendelea na kazi, huko London kampuni ya J. Lyons, iliyokuwa na maduka mengi ya chai na mikate, ilikuwa imejenga kompyuta yake yenyewe, ikaiita LEO. Kompyuta hiyo ilianza kazi ya ofisi mwaka 1951, na mwaka 1954 ikaanza kutengeneza hesabu ya mishahara kwa utaratibu wa kila juma. Hesabu ya mtu mmoja, ambayo karani mzoefu aliifanya kwa dakika 8, mashine iliimaliza kwa sekunde moja na nusu. Hapo uhamisho wa mwisho, kutoka daftari la mahudhurio hadi daftari la malipo, ulitoka mikononi mwa mwanadamu. Makosa ya kuchoka yalipungua. Lakini mashine haikujua kama siku iliyoletwa kwake ilikuwa imeandikwa kwa haki. Ilijua kuizidisha tu. Kosa lililoingia mlangoni lilitoka likiwa limepigwa chapa, na chapa ina heshima ambayo mwandiko wa mkono hauna.

Hadi hapo habari imekuwa ya mtu anayeandikiwa wakati wake na mwingine. Karne ya 20 ilileta pia aina ya pili: mtu anayejiandikia wakati wake, kisha akaupeleka kwa mteja kama ankara. Katika jambo hili wanasheria wa Marekani walitangulia. Reginald Heber Smith, aliyekuwa mkuu wa shirika la kuwasaidia maskini kisheria mjini Boston kabla ya kuongoza ofisi kubwa ya mawakili tangu mwaka 1919, aliwataka mawakili wake waandike kila siku kazi walizozifanya kwa sehemu za kumi za saa, yaani dakika sita sita. Nia yake ilikuwa kujua kila kazi inaigharimu ofisi kiasi gani. Hakukusudia saa iwe ndiyo bidhaa. Lakini kipimo kikishapatikana hakikosi kutafutiwa soko. Katika miaka ya 1950 na 1960 ofisi nyingi zilianza kutoza kwa saa, na baada ya mwaka 1975, Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza orodha za ada za chini kabisa zilizowekwa na vyama vya mawakili, saa ikabaki kuwa kipimo kikuu.

Hapo dhuluma inaweza kugeuza uso. Kijana wa mkonge aliogopa siku yake isiandikwe. Mteja wa wakili anaogopa iandikwe mara mbili. Mazungumzo ya dakika moja, yakiandikwa kwa kipimo cha dakika sita, yamekwisha kukua mara sita kabla ya kufika kwa anayelipa. Mteja huona jumla tu na bei, kama vile mkuu wa Umma alivyoona jumla na upungufu. Kwa hiyo wateja walianza kudai kile ambacho karani wa Thebes alikiandika bila kudaiwa: maelezo ya kila sehemu ya wakati, ilitumika kwa jambo gani na kwa nini.

Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa programu iliyoitwa VisiCalc kwa kompyuta ndogo ya Apple II. Ilikuwa jedwali kama lile la karatasi pana za wahasibu, lakini lenye uhai: tarakimu moja ikibadilishwa, jumla zote zilizoitegemea zilibadilika papo hapo. Lotus 1-2-3 ilifuata mwaka 1983, na Excel mwaka 1985. Jedwali la namna hii ndilo linaloitwa siku hizi lahajedwali. Kwa chombo hicho kila ofisi ndogo, kila fundi mwenye kompyuta, kila shirika linalopaswa kuwaeleza wafadhili jinsi saa za watu wake zilivyotumika, lilipata uwezo ambao zamani ulikuwa wa kampuni kubwa. Saa hunakiliwa na programu moja, kisha orodha yake huhamishiwa katika lahajedwali ili itolewe ankara kwa mteja na taarifa kwa mkuu. Uhamisho huo huchukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa, na kwa sababu hiyo watu hudhani ya kuwa hakuna kinachodondoka.

Yafaa mfano. Mtu amefanya kazi saa 7 na dakika 30 kila siku kwa siku 5. Akiandika 7.30 badala ya 7.5, jedwali huhesabu kwa kumi, si kwa sitini, na jumla huwa 36.5 badala ya 37.5. Saa moja imepotea katika juma, na katika majuma 50 zimepotea saa 50, bila mtu kuiba. Hiyo ndiyo sitini ya Babeli, iliyowekwa akibani hapo juu, ikigombana na kumi ya mashine. Akiandika 7:30 kwa nukta mbili, kama saa isomwavyo, jedwali huelewa kuwa ni wakati. Lakini ndani yake huuweka kama sehemu ya siku nzima. Jumla ya siku 5 ni siku moja na zaidi ya nusu, na kwa umbo la kawaida la saa huonyeshwa 13:30, kwa maana saa 24 za kwanza zimehesabiwa kuwa siku iliyokwisha pita na hazionyeshwi. Na mtu akizidisha jumla hiyo kwa shilingi 2,000 za kila saa, hapati shilingi 75,000 anazostahili. Hupata 3,125, kwa kuwa mashine imezidisha siku na wala si saa.

Tarehe nazo zina mitego yake. Tarakimu 3/4 ni tarehe 3 Aprili kwa msomaji wa Dar es Salaam, na ni tarehe 4 Machi kwa msomaji wa Chicago. Jedwali hufuata desturi liliyowekewa, bila kuuliza. Majedwali haya huhesabu siku kwa kuanzia mwaka 1900, na Excel, ili ipatane na Lotus iliyoitangulia, iliurithi mwaka huo ukiwa na tarehe 29 Februari, siku ambayo haikupata kuwako duniani. Mafaili ya zamani ya kompyuta za Macintosh yalihesabu kuanzia mwaka 1904, na tarehe zilizonakiliwa kutoka aina moja hadi nyingine bila uangalifu zilihama kwa siku 1,462.

Kwa msemaji wa Kiswahili pana mtego mwingine ulio wa kwake. Saa zake huanza kuhesabiwa kwa mapambazuko na machweo: saa mbili asubuhi ndiyo saa ambayo mashine huiita 8. Mfanyakazi akisema alianza saa mbili akamaliza saa saba, na karani akaandika 2 na 7 kama alivyosikia, tofauti ni saa tano na ujira u salama. Ila kazi ya mchana imewekwa usiku wa manane, na penye malipo ya ziada kwa kazi ya usiku madai yatakuwa ya uongo pasipo mtu kudanganya. Lakini aliyeanza saa nne asubuhi akamaliza saa moja jioni amefanya kazi saa tisa, na jedwali likipewa 4 na 1 litatoa pungufu ya sifuri. Huyu siku yake si kwamba imefutwa tu. Imekuwa deni, kama deni la yule msimamizi wa Umma.

Hakuna mnyapara katika makosa haya, wala nia mbaya. Ndiyo sababu ni magumu kuyapinga. Mfanyakazi wa mkonge alijua uso wa aliyemnyima alama. Aliyepunjwa na jedwali haoni uso wa mtu, huona jumla iliyopangwa vizuri chini ya mstari. Naye aliyetengeneza jedwali huenda hajui ya kuwa alimpunja mtu, kwa maana hakuwahi kuiona siku yenyewe. Aliona safu tu.

Lakini historia hii haishuhudii madhara peke yake. Kumbukumbu iliyoandikwa imewaokoa watu pia. Bila alama katika kadi, mfanyakazi asingekuwa na dai lolote. Asiye na maandishi hulipwa kwa hisani. Hata neno kibarua, lenye unyonge leo, lilianza kuwa ushahidi uliokaa katika kiganja cha mwenye haki. Jambo linalotenganisha kumbukumbu inayolinda na ile inayodhulumu laonekana tangu Umma hadi leo. Inayolinda huwa na nakala kwa pande zote mbili, hutunza maandishi ya kwanza hata baada ya kuhamishwa, na huacha nafasi ya sababu. Inayodhulumu hukaa kwa upande mmoja, hutupa maandishi ya kwanza mara jumla inapopatikana, na husema upungufu bila kusema nge wala mama aliyefariki.

Basi karani wa leo, mwenye kuhamisha saa za wenzake kutoka orodha hadi jedwali, amerithi cheo cha kale sana. Mambo anayopaswa kuyafanya si mengi wala si magumu: ajue kama anahesabu kwa sitini au kwa kumi, ajue saa ni ya Kiswahili au ya Kizungu, achukue siku moja aihesabu kwa mkono ailinganishe na jumla ya mashine, aihifadhi orodha ya kwanza kama ilivyokuja, aibakize safu ya maelezo ingawa haijumlishiki, na kabla ya kupeleka ankara au taarifa kwa wakubwa, amwonyeshe mwenye siku zake jinsi zilivyoandikwa, apate kusema kama ndizo. Katika mashamba ya mkonge neno hilo la mwisho, kumwuliza mwenyewe, lingegharimu dakika chache tu kwa kila kadi.